Kinanda cha Rajabu na Sauti ya Ng'ambo

Ninyi vijana mliofungua baa kwenye vyumba vya mbele vya nyumba za wazazi wenu, mkatoa spika hadi barabarani kama mnaanika mihogo, nawaandikia ninyi. Na ninyi majirani zao mnaonuna ndani huku mmeziba masikio kwa mito, nawaandikia vilevile, maana kununa hakujawahi kupunguza sauti. Mimi nimeuza pombe ya kienyeji tangu nikiwa msichana kule Iringa hadi magoti yalipokataa kuchutama mbele ya chungu. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa.

Mnadhani ugomvi wa muziki na majirani umeletwa na umeme wenu. Haukuletwa na umeme. Mbeya ile ya kabla ya uhuru, mtaani kwetu hapakuwa na hata taa moja ya waya, na bado tuliitwa kwa Jumbe kwa ajili ya kelele za kinanda.

Lakini kwanza kazi. Anayesimulia ugomvi bila kusimulia kazi ni mmbea.

Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, Iringa, kwenye ulanzi. Mianzi inakatwa ncha wakati wa mvua, unafunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, chini ya mkato, asubuhi unakinga utomvu mtamu hata mtoto anakunywa, jioni utomvu uleule unaangusha mwanamume mwenye ndevu. Hilo kila Mhehe analijua. Alilonifundisha shangazi ni jingine. Yeye aliuza akiwa amewapa wateja mgongo. Mtu akiingia na kusema kamwene, anaitikia bila kugeuka. Nikamuuliza, shangazi, huogopi kuibiwa? Akaniambia, "Mwizi wa kata moja hajawahi kumfilisi mtu. Mimi nasikiliza." Alikuwa anasikiliza mazungumzo. Watu wakiwa wanaongea wengi kwa pamoja, salama. Sauti zikipungua zikabaki mbili, na hizo mbili zikaanza kuitana kwa majina ya ukoo, hapo anainuka na kata yake, anakwenda kumwaga pombe katikati yao kama vile bahati mbaya. Wanaruka, wanajifuta, wanamtukana yeye. Wakimtukana yeye wamesahau kutukanana. Pombe inauzwa kwa sikio, alikuwa anasema, mkono unapima tu.

Nilipoolewa na Benedikto, akapata kazi ya barabara Mbeya, nikahama na elimu hiyo. Ulanzi kule haukuwa mwingi, nikajifunza pombe ya mahindi na kimea cha ulezi, ile ya kupika siku nyingi. Niliharibu vyungu kadhaa kwa haraka zangu za ulanzi. Pombe ya kimea haitaki haraka, ukiifunua kila mara kuichungulia inachacha kwa hasira. Mdogo wangu Adela akanifuata kunisaidia, na tukapata kibali cha kilabu. Bwana Afya alikuja, akanusa vyungu, akatazama choo, akasema nijenge uzio wa matete. Nikajenga.

Kilabu yangu ilikuwa ukingoni mwa korongo, mgongo wake kwenye mlima Loleza. Chini kijito, ng'ambo mteremko wenye migomba na nyumba za Wasafwa na Wanyakyusa wakulima. Kwa macho ng'ambo ilikuwa karibu, ungeweza kuona nani kaanika blanketi gani. Kwa miguu ilikuwa jasho, na wakati wa mvua ilikuwa jasho na tope hadi magotini. Kwa hiyo watu hawakwenda, waliitana.

Kuitana huko ni kazi na si kupiga kelele, vijana. Mtu anasimama penye jiwe, anakinga mdomo kwa viganja, anatupa jina, analivuta mwishoni mpaka liguse upande wa pili. Halafu ananyamaza. Aliyeitwa anaitikia. Ndipo habari inatumwa kwa vipande vifupi: ng'ombe wako, yuko huku, kala maharage, njoo. Na miiko yake ipo. Aliyetajwa jina ndiye anayeitikia, hakuna mwingine. Huku milimani tulilelewa kwamba ukiitikia wito usio wako umejitwalia kilichomo ndani yake, na mara nyingi kilichomo ni msiba.

Jirani yangu wa pua na mdomo alikuwa Mama Gwantwa, mkunga. Alijenga pale ukingoni kwa makusudi, ili ng'ambo wampate. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kucheka, lakini mikono yake ilipokuwa kazini hakucheka na mtu. Na mwaka ule jambo lililomkosesha raha lilikuwa Atupele.

Atupele alikuwa mke wa Ambakisye, ng'ambo, nyumba yenye mti wa mkaratusi. Mara mbili amebeba mimba, mara mbili amezika. Mara zote mbili mtoto alikuja vibaya, na Mama Gwantwa alifika akakuta wanawake wanalia. Sasa alikuwa na ya tatu. Mama Gwantwa alimwita Ambakisye, akamwambia mbele yetu kwamba safari hii asingojee hata kidogo. Mke akishika kiuno tu, panda kwenye jiwe, niite. Nikiwahi, nitamgeuza mtoto. Nikichelewa, sitakuwa na la kufanya. Mtaa mzima ulijua. Wanawake waliokwenda kisimani walitazama ng'ambo kwanza, ndipo wakajitwika ndoo.

Katikati ya mambo hayo akaja Rajabu.

Rajabu alikuwa mtu wa kutoka upande wa Tabora, aliyefanya kazi ya mashine kwenye dhahabu, Makongolosi. Kazi ya mgodini ilimwachia kikohozi na akili ya nyaya. Alifika kwangu na mkokoteni: vinanda viwili vya santuri, sahani nyingi zimefungwa kwa kanga, amplifaya ndani ya sanduku la bati, betri mbili za lori, na bomba la sauti kubwa kama ua la boga la majitu. Akaniambia tugawane: yeye muziki, mimi pombe. Nilimuuliza vinanda viwili vya nini, una masikio manne? Akacheka, akasema sahani moja haichukui muda kuisha, halafu unageuza, unabadili sindano, watu wanakaa kama wamefiwa. Yeye ana viwili. Hiki kikimaliza, kile kinadaka. Aliita mfululizo.

Siwafichi, tuliuza. Watu walikuja hadi kutoka Mbalizi, wengine wamepakia betri za Rajabu kwenye baiskeli wakizirudisha kutoka gereji kuchajiwa, wakidai kinywaji cha kwanza bure kwa huduma hiyo. Rajabu alilifunga bomba juu ya mti wa uzio, likitazama korongoni, maana alisema sauti inapenda uwazi. Alisema kweli. Kwenye baridi ya Juni, hewa ikiwa imetulia, sauti ya bomba lile ilivuka kijito, ikapiga ng'ambo, ikarudi kutuamkia. Wacheza dansi walikuwa wanacheza na muziki na mwangwi wake, kila mmoja na mguu wake.

Lakini mimi nilikuwa nimepoteza sikio la shangazi. Sikujua tena nani anaongea na nani. Ngumi ilikuwa inanifikia kabla ya neno. Mara moja nilimwaga pombe katikati ya watu wawili niliodhani wanagombana, kumbe walikuwa wanaposa. Mjomba wa msichana alilowa kifuani akaniuliza kama hiyo ndiyo mahari.

Basi siku moja alasiri, mfululizo umepamba moto, akaingia Ambakisye kwenye lango la matete. Amelowa hadi kiunoni, tope hadi usoni. Hakuja kunywa. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya pili, akamkuta Mama Gwantwa amekaa mlangoni anapukuchua maharage, hajui lolote. Alikuwa amemwita kutoka kwenye jiwe mpaka koo limekauka. Yule mama hakusikia hata herufi.

Mungu alikuwa amelala upande mzuri siku hiyo. Yalikuwa maumivu ya uongo. Mama Gwantwa alivuka, akamkuta Atupele amekaa anakunywa uji. Lakini Ambakisye aliporudi kupitia kwetu alisimama mbele ya bomba, akalitazama kama mtu anayemtazama fisi zizini. Akasema polepole, "Leo lilikuwa jaribio. Siku yenyewe ikija na mnapiga hii, mtoto wangu nitamleta kumzika hapa, kwenye uzio wako, Mama Kilabu."

Rajabu mwenyewe aliinua sindano.

Jumbe alituita uani kwake. Jumbe wetu alikuwa mzee mtulivu, ana kofia moja ya mikutano. Majirani walijaa. Walianza kunimwagia yote waliyokuwa nayo: kuku hawatagi, mgonjwa halali, mume haondoki kilabu. Hilo la mume nililijibu kwamba hata kabla ya kinanda hakuwa anaondoka. Wengi walitaka kinanda kipigwe marufuku kabisa mtaani. Rajabu akasema ana kibali cha mji, na ni kweli alikuwa nacho. Jumbe alikisoma, akakikunja, akamrudishia kwa heshima. Akasema kibali kinataja saa za kuanza na saa za kufunga, kinasema pia asisumbue majirani, lakini Bwana Shauri aliyekitoa hakai hapa, kwa hiyo kusumbua ni nini, wasumbuliwa wenyewe waseme.

Tulidhani Mama Gwantwa ndiye atakayepigilia msumari. Akainuka, akafunga kanga vizuri.

"Mimi sitaki kinanda kifungwe," akasema. "Mnafikiri sikichezi? Nakicheza huko ndani, mlango umefungwa, ndiyo maana hamnioni. Ninachotaka ni nafasi. Sahani ikiisha, mnyamaze. Mtu aite, avute pumzi, aite tena. Halafu pigeni."

Jumbe akamuuliza Rajabu kama mashine yake inaweza kunyamaza. Rajabu alijibu kwamba kunyamaza ndiyo kazi rahisi kuliko zote, ila yeye alikuwa amelipa mashine ya pili ili isinyamaze. Watu wakacheka, naye akacheka, na Jumbe akatoa amri yake mwenyewe juu ya kibali: kinanda kimoja tu kwa wakati mmoja, bomba litazame mlima na si korongo, na baada ya kila sahani kimya cha kuita mara mbili. Atakayekiuka, Jumbe atachukua sindano zake zote.

Najua leo maofisa wenu wanakuja na kipimo cha sauti mkononi, kina namba. Vizuri. Sina ugomvi na namba. Ila kabla hamjangoja afisa, kaeni chini na mtu anayelala ukuta wa pili, mmuulize ni sauti gani anayohitaji kuisikia nyumbani kwake. Mmoja atakuambia mtoto mchanga. Mwingine adhana, mwingine kengele ya kanisa, mwingine mzee wake anayekohoa. Huwezi kujua bila kuuliza, na ukishajua utashangaa ni nafasi ndogo kiasi gani anayoitaka.

Na haya ya kazi myashike. Bomba likitazama ukuta wa mlima sauti inakaa uani, wateja wanaipata yote, jirani anapata mabaki. Msiliweke juu ya bati wala ndani ya pipa, litanguruma kama fahali na maneno hayatasikika. Tulijaribu kulifunika kwa chungu kikubwa, tukapata sauti ya mtu anayeimba kisimani, na chungu kikapasuka. Sahani za haraka zinauza pombe haraka na zinaleta ngumi haraka. Za polepole watu wanakaa. Mimi nilimwambia Rajabu achanganye, mbili za polepole kwa moja ya haraka, kama chumvi.

Kile kimya wateja walikiita "pumzi ya Jumbe." Mwanzoni walikidhihaki. Mtu anagandisha mguu hewani katikati ya dansi, anangoja, wenzake wanamwambia pumua mzee utakufa. Lakini nikawaona wamekizoea. Ndani ya kimya kile watu waliagiza, walisalimiana, walikumbuka wake zao. Na mimi nikarudishiwa sikio langu. Wale wa kuitana majina ya ukoo nikawa nawadaka mapema.

Siku yenyewe ilikuja Jumamosi, mchana, jua zuri, kilabu imejaa. Sahani ikaisha. Rajabu akainua mkono wa kinanda. Pumzi ya Jumbe.

Likaja jina kutoka ng'ambo. "Mama Gwantwaaa."

Tulilisikia wote. Niape? Hakuna aliyekuwa mle asiyesikia. Vikombe vilisimama. Tukageuza macho mlango wa nyumba ya pili, tukangoja aitikie. Kimya. Likaja tena, limekatika katikati, kama koo lililojaa mchanga. Tukangoja tena. Kila mtu alikuwa ameshika pumzi, kila mtu anajua ni nini, na hakuna aliyefungua mdomo. Sisi tulikuwa tumepigania ile nafasi ya kuita, tukaipata, na sasa wito umeingia ndani yake, tumekaa kama mawe kwa sababu jina si letu.

Rajabu alikuwa na sahani mkononi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mtu anaitwa," akasema. "Mbona hamwitikii?"

Mzee mmoja wa Rungwe akamwambia kwa upole, kama anamfundisha mtoto, "Hatukuitwa sisi, bwana. Kaitwa mama."

"Na huyo mama yuko wapi?"

Ndipo Adela akashika kichwa. Alimwona asubuhi na jembe na kikapu, amekwenda shamba lake la maharage, nyuma ya bega la mlima. Kule sauti ya ng'ambo haifiki. Mlima unaizuia.

Rajabu alikuwa na maiki, kile kidude cha kusemea alichotumia kutangaza mwisho wa mauzo, nayo ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Nikamwambia ageuze bomba korongoni. Aligeuza bila kuuliza. Nikaishika maiki. Yule mzee wa Rungwe alivuta kigoda chake akasogea mbali nami, asije akagawiwa msiba.

"Ambakisye," nikasema, na bomba likatupa jina lake hadi kwenye mkaratusi. "Tumesikia. Anakuja. Rudi kwa mkeo."

Nilimwona amesimama kwenye jiwe, mdogo kama kuku. Akainua mikono yote miwili, akakimbia kuingia ndani. Sasa nilikuwa nimesema anakuja, na hakuwa anakuja, alikuwa analima. Nikamwambia Rajabu ligeuze tena, bega la mlima. Alipanda mti wa uzio na nyaya zake, akalishika bomba kwa mikono, akalielekeza. Nikamwita Mama Gwantwa mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Nikaita, nikanyamaza, nikaita. Mtu mmoja akacheka kwa woga. Adela akamkanyaga.

Akatokea kwenye njia ya juu, jembe begani, anakuja mbio na mdomo unaendelea kabla hajafika. "Nani ananitangaza kama ng'ombe wa mnada?"

"Atupele," nikamjibu, nimesahau hata kuondoa maiki mdomoni.

Jembe lilianguka pale aliposimama. Hakupita mlangoni mwake wala hakunawa mikono, alinawa kijitoni akivuka, tulimwona. Kisha akapanda, mwanamke mfupi yule, akishika migomba, akapotea kwenye mlango wa nyumba yenye mkaratusi.

Kinanda hakikupigwa. Hakuna aliyetoa amri. Rajabu aliifunga sahani kwenye kanga. Watu wazima, waliolipa, walikaa wakinywa bila kugonganisha vikombe, kila mmoja uso wake ng'ambo. Kulikuwa na mtu wa Madibira, mpita njia, alinong'ona kuuliza hapa ni kilabu au ni kanisa. Akaambiwa anywe. Yule mzee wa Rungwe alikirudisha kigoda chake pale kilipokuwa. Akaniambia, haya, kama umejitwalia msiba tutaubeba wengi.

Jua lilikuwa limeanza kugusa mlima yaliposikika vigelegele. Vilitoka ng'ambo, vikaja juu ya kijito, vya wanawake wengi. Adela alikaa chini kwenye vumbi akalia. Halafu Ambakisye akapanda kwenye jiwe, akakinga mdomo, akatupa jina. Safari hii lilikuwa langu. Mama Kilabu.

Niliitikia kwa koo langu, bila bomba.

"Yuko hai," akaita. Akavuta pumzi. "Wote wawili."

Siwezi kuwaeleza kilabu ilivyolipuka. Rajabu alipiga sahani ya haraka, na ilipoisha, wale walevi wote waligandisha miguu wakanyamaza kabla hajainua mkono wa kinanda.

Benedikto aliporudi kazini habari zilikuwa zimemtangulia barabarani. Hakufurahi kama nilivyotaka. Alikuwa mtu mwema lakini wa mila, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimeitikia wito usio wangu, nimeuleta mlangoni mwetu, na tuna watoto. Nilimwekea ugali wake. Nikamwacha ale, maana mwanamume mwenye njaa hasikii. Alipomaliza nikawaita wote, yeye, Adela na watoto, wakasimama mbele yangu jikoni, nikawaambia hivi:

"Kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akisikia jirani anaitwa, na mwenye jina hayupo, aitikie yeye. Asimame, aitikie, halafu akamtafute."